Mbwa Ameingia, Machano Kimeingia

Si hapo zamani wala si za kale. Ni juzi tu, katika Jamhuri ya Sawasawa, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utakuta kidole chako mwenyewe kimeifunika.

Jamhuri ya Sawasawa haina ubaguzi. Nasema hivyo kwa sababu sheria imeukataza, na kwetu jambo likishakatazwa na sheria huwa halipo. Rushwa nayo haipo kwa njia hiyohiyo. Kumtukana mchezaji kwa rangi yake, pua yake au kijiji alichotoka kulipigwa marufuku, na maneno yote mabaya yakaandikwa kwa herufi kubwa kwenye geti la Uwanja wa Taifa, ili kila anayeingia ajue asichopaswa kusema. Watu walikuwa wakifika mapema kuyasoma. Mengine hatukuwa tukiyajua.

Wakubwa wa mpira wa dunia walikuja kutukagua. Walikaa jukwaa la kivuli na mashine za kunasa minong'ono, wakatusikiliza sisi wa jukwaa la jua mechi nzima, hawakunasa tusi hata moja. Wakatupa sanamu ya shaba ya mdomo uliofungwa. Waziri wa Michezo na Kauli Njema, Mheshimiwa Daktari Haruna Pandikizi, aliipokea akilia mbele ya kamera, akafuta machozi, kisha akalia tena kwa ajili ya kamera iliyochelewa.

Wageni hawakukosea. Matusi tulikuwa tumeyaacha kweli. Tulikuwa tumebaki na silabi moja tu.

Ng'ambo ya mto wetu kuna mahali panaitwa Kinamasi. Watu wa huko ni raia kama sisi, wanalipa kodi kama sisi, wanazikwa kama sisi, ila mbali kidogo. Lakini tangu enzi za babu zetu, mtu wa Kinamasi hatumsemi kwa "a". Tunamsema kwa "ki". Mtu wa kwetu amekuja, amekula, amelala. Mtu wa Kinamasi kimekuja, kimekula, kimelala. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa upole kwamba si ubaya: kinamasi ni ki, basi na watu wake ni ki. Ni sarufi. Mimi shule niliiacha darasa la tano, kazi yangu ni kuziba pancha, na sarufi siijui. Hiyo niliijua bila kufundishwa.

Na ilikuwa silabi yenye adabu zake. Ukikutana na mtu wa Kinamasi uso kwa uso, unamwambia karibu kaka, umeamkaje, umependeza leo. Ki inangoja ageuze mgongo.

*

Machano Tindwa alikuwa mshambuliaji wa timu ya taifa, mzaliwa wa Kinamasi. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao makipa wa nchi tano waliuota vibaya, na goti la kulia ambalo daktari wa timu alikuwa akilitazama siku hizo bila kusema kitu. Tulimpenda. Lazima hilo lieleweke. Picha yake ilichorwa kwenye kuta za vinyozi. Mtoto wangu wa mwisho nilimpa jina lake. Machano wangu alianza kutembea mwezi ambao Machano wa Kinamasi kilitufungia mabao matatu dhidi ya majirani. Ndivyo nilivyowahadithia watu kijiweni, kwa maneno hayohayo, na hakuna aliyenisahihisha.

Sauti ya uwanja ilikuwa ya Mzee Ngwali. Alikaa na kipaza sauti kwenye meza kando ya mstari, na aliyoyasema yalisikika uwanjani na kwenye redio nchi nzima kwa wakati mmoja. Mzee yule hakuwa na roho mbaya. Machano akipata mpira, mzee alikuwa anasimama juu ya kiti.

"Machano kimepata mpira! Kinakwenda, kinakwenda, kimempiga chenga mmoja, kimempiga wa pili... kimefungaaa! Mungu kibariki!"

Nasi tunaruka, tunakumbatiana na watu tusiowajua.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuyasikia mabao yale. Bi Mwanamosi, mama yake Machano, alikuwa na redio nyumbani kwake Kinamasi na alipenda mpira kuliko wanaume wengi. Alisikiliza mechi zote. Lakini mpira ukimfikia mwanawe tu, mama huyo alikuwa anazima. Akikadiria kwamba umeshaondoka miguuni mwake, anawasha tena. Majirani walimwona mjinga: mabao yote yale, na hajui hata moja lilivyoingia.

"Mimi nilizaa mtu," alikuwa anawajibu. "Siku mtu akifunga, niiteni."

*

Ugomvi ulianza kwenye nusu fainali, na aliyeuanzisha ni mbwa.

Machano alianza mechi akiwa benchi kwa ajili ya goti. Kipindi cha pili kocha akamwita. Wakati anavuka mstari, mbwa mmoja wa rangi ya majivu alipenya chini ya uzio, akakimbia hadi katikati ya uwanja, akakaa. Watu wakacheka. Mzee Ngwali akashika kipaza sauti.

"Ndugu mashabiki, mbwa ameingia uwanjani. Mwenyewe aje amchukue. Wachezaji tafadhali msimpige, amepotea tu, hana kosa. Na Machano pia kimeingia."

Machano akasimama. Aliutazama uwanja, akamtazama mbwa, kisha badala ya kwenda kwenye nafasi yake akaelekea kwenye meza ya mzee. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia yote.

"Shikamoo, Mzee Ngwali."

"Marahaba, mwanangu. Nenda ukacheze, muda unakwenda."

"Yule mbwa amefanya nini?"

"Si ameingia uwanjani?"

"Na mimi nimefanya nini?"

"Umeingia uwanjani, mwanangu."

"Usiniambie mimi. Waambie hao. Machano amefanya nini?"

Mzee aliinua macho akatutazama sisi wa jukwaa la jua, maelfu yetu, kana kwamba angetaka mmoja wetu amjibie. Jirani yangu, Mapande, mwenye duka la vipuri, alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu, na mimi nilicheka kwa sababu Mapande alikuwa anacheka.

"Mwanangu, usinitie matatani," mzee akasema kwa sauti ndogo ambayo redio iliifikisha mpaka mipakani. "Mimi nina familia."

"Nimekuelewa, baba. Labda na mbwa anayo, ndiyo maana umemheshimu."

Tulishinda mechi ile. Waandishi walipomzunguka Machano mlangoni, alisema maneno machache: "Hii iliyobaki, fainali, ndiyo mechi yangu ya mwisho. Goti limekwisha. Na siichezi mpaka nitangazwe kama alivyotangazwa yule mbwa."

Kesho yake magazeti yalitoka na kichwa kimoja: MACHANO CHATAKA KUITWA MBWA.

Serikali ilifarijika sana. Mheshimiwa Pandikizi alitangaza kwamba serikali ni sikivu, imelipokea ombi hilo, na haina pingamizi.

*

Kosa hilo lilipofafanuliwa, ndipo mambo yakawa magumu. Mbwa ilikuwa rahisi. A ilikuwa jambo la kitaifa.

Mheshimiwa aliitisha mkutano na waandishi, akavaa tai mbili, moja ya michezo na moja ya kauli njema.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumepekua maneno yote yaliyo kwenye geti. Ki haimo. Na kama haimo kwenye geti, si tusi. Ki ni silabi, na silabi haina nia. Isitoshe, ki ni heshima! Kijana huanza na ki. Kiongozi huanza na ki. Kipa, ndugu zangu, kipa huanza na ki, na hajawahi kulalamika!"

Mwandishi mmoja, Zamda Ndaro, akanyoosha mkono. Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, baba wa kwetu, mama wa kwetu, bibi zake wote wawili wa kwetu.

"Mheshimiwa, nashukuru kwa ufafanuzi. Basi leo jioni redio itangaze kwamba kiongozi kimefika na kimezungumza na waandishi?"

Kicheko kilianza nyuma ya ukumbi, kikajiona kiko peke yake, kikanyamaza.

Jioni ile redio ilitangaza hivi: mwandishi Zamda Ndaro kimehojiwa na polisi na kimeachiwa kwa dhamana.

Asubuhi alikwenda dukani kwa Mapande kununua taa ya pikipiki. Nilikuwepo. Mapande, ambaye amemjua Zamda tangu anasoma chekechea, alinigeukia akaniuliza, "Kinataka nini?"

Nilimwambia taa. Zamda alitutazama wote wawili, akaweka pesa mezani na kuondoka na taa yake.

Hapo tukajua kwamba ki haitoki Kinamasi. Inaweza kumwangukia mtu yeyote, popote. Mtu mwenye akili angedhani tungeiogopa na kuiacha. Sisi tuliiogopa, kwa hiyo tukaitumia zaidi, kila mmoja akiirusha mbali na yeye. Wiki ile mpaka watoto walikuwa wanaambizana, "Mwalimu kimekuja!" Mwalimu alikuwa anaingia darasani akikagua mavazi yake aone amekosea wapi.

*

Mheshimiwa akaunda Kamati ya Ngeli, akajiteua kuwa mwenyekiti, na Machano akaitwa mbele yake. Milango iliachwa wazi ili taifa lione uwazi.

"Kijana wetu," Mheshimiwa alianza, "Kamati imefanya kazi kubwa. Kutoka ki kwenda a ni kuruka ngazi. Hakuna nchi iliyoendelea kwa kuruka ngazi. Tunapendekeza upande taratibu. Tuanze na li. Embe limeiva, jua limetoka, Machano limefunga. Unaonaje? Lina ukubwa fulani."

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi u! Mti umekua. Mlima umesimama. Machano umefunga. Rais mwenyewe anapanda mti kila mwaka, hajawahi kupanda kitu kisicho na maana."

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Mbu mnamsemaje?"

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja akafungua kitabu.

"Mbu ameuma," Mheshimiwa akakiri.

"Kunguni?"

"Kunguni... amejificha."

"Basi mimi sitaki makuu. Nipandisheni mpaka kwa kunguni."

Kamati iliomba muda wa kuangalia athari. Mjumbe mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama kunguni watapinga.

Lakini fainali ilikuwa inakaribia, na bila mguu ule wa kushoto kombe lilikuwa la majirani. Rais alikuwa ameshaamuru kabati la kombe lijengwe, kwa vioo. Kwa hiyo Kamati ikatoa uamuzi, na Mheshimiwa akausoma akiwa amesimama:

"Machano Tindwa kinapewa Kibali Maalumu cha A. Kibali kitaanza pale mpira utakapovuka mstari wa goli, kama kimeupiga chenyewe, na kitaisha kwa kipenga cha mwisho. Kisipofunga, sarufi ya taifa itaendelea kama kawaida. Kabla ya kufunga, ili kuepusha utata, mtangazaji hatatumia kitenzi chochote."

Watu wakapiga makofi. Hata mimi niliona ni haki. Nilisema, "Si kimepewa nafasi? Kifunge basi."

Machano alikuwa amelinyoosha goti chini ya meza, na alikuwa analisugua kwa kiganja, huku na huku.

"Mama yangu anangoja neno moja," alisema mwisho. "Nitampelekea hilo moja."

Akapiga simu Kinamasi palepale mbele ya Kamati. "Mama, kesho usizime."

*

Fainali ile, waliosikiliza redio walidhani imeharibika.

"Machano. Mpira. Mguu wa kushoto. Beki mbele. Beki nyuma! Nguzo! Masikini, nguzo."

"Mzee amepatwa na nini?" Mapande akaniuliza. "Anaongea kama telegramu."

"Kibali," nikamwambia.

Jasho lilikuwa linamtoka mzee. Mtu aliyezoea kusimama juu ya kiti sasa alikuwa amekaa na kushika meza kwa mikono miwili, vitenzi vikimkaba shingoni. Na Machano alikuwa anachechemea. Kila alipogeuka, tulimwona akiuma meno. Kocha aliinuka mara mbili kumtoa, na mara mbili Machano akamwashiria akae.

Ilikuwa bila bila, dakika za mwisho kabisa, pale krosi ilipotoka kulia. Mabeki wawili walimwendea. Goti likakunjika, nililiona likikunjika, na wakati anaanguka akautandika mpira kwa mguu wa kushoto. Mpira ukapita kati ya kipa na nguzo, mahali ambapo wewe ungepitisha mkono kwa shida.

"Amefunga!" Mzee Ngwali akapiga kelele.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Alikuwa juu ya kiti.

"Machano amefunga! Amefunga, jamani! Ameanguka, ameinuka, anaruka kwa mguu mmoja, anacheka, analia, amejishika kichwa, ameangalia juu, Machano, Machano Tindwa, anapumua!"

Hakuweza kunyamaza. Alizitoa zote, a za miaka mingi, alitangaza mpaka namna Machano alivyokuwa anapepesa macho.

Na jukwaa la jua, kwa muda, halikushangilia. Tulikuwa tumemwona mtu akifunga. Tuliangaliana kama watu waliofunguliwa mlango wakiwa wanafanya jambo. Kisha mtu mmoja akapiga ngoma, tukashukuru, tukaanza kupiga kelele.

Kipenga cha mwisho kikalia. Mzee alikuwa bado anasema "ameshinda, ame...", akaona jukwaa la kivuli. Mheshimiwa Pandikizi alikuwa amesimama, amenyoosha mkono, anagonga saa yake kwa kidole.

Mzee Ngwali alishuka kwenye kiti. Alikunywa maji.

"Ndugu mashabiki," akasema, "mechi imekwisha. Machano... kimetuletea kombe."

Redio ilikuwa imempeleka mwandishi nyumbani kwa Bi Mwanamosi ili taifa lisikie furaha ya mama. Alituhadithia baadaye kwamba alimkuta mama ameketi mkekani na redio imezimwa.

"Bibi, vipi umezima? Ndiyo kwanza sherehe zinaanza! Mwanao kina..."

"Nimeshasikia."

"Umesikia nini?"

"Nilichokuwa nangoja. Kilikuja kifupi, nikazima kabla hawajakichukua. Sasa kaeni na kombe lenu."

Mahojiano hayakurushwa. Sauti haikuwa nzuri, walisema.

Huku uwanjani sisi tulikuwa tumevunja uzio. Maelfu tulimwagika kwenye nyasi, tukamfikia Machano alipokuwa amekaa chini akishika goti lake, tukamnyanyua juu ya mabega. Nilitangulia kufika, ndiyo maana nilipata kushika mguu. Mapande alishika wa kushoto, mimi wa kulia. Hata leo nikinyoosha kiganja nalikumbuka goti lile, lilivyokuwa limevimba na kuwaka moto chini ya soksi. Tulimzungusha uwanja mzima. Watu wanaimba jina lake, wanalia, wanabusu viatu vyake. Kombe lilibebwa pembeni yake, limenyanyuliwa sawa na yeye, na aliyetazama kutoka mbali asingejua tumebeba vikombe vingapi.

Akaniinamia. Mkono wake ulikuwa kichwani kwangu, na mdomo wake karibu na sikio langu.

"Nishushe, kaka. Goti. Tafadhali, nishusheni."

Nilimsikia. Kelele zilikuwa nyingi, lakini nilimsikia neno kwa neno. Kama ningesimama, wote nyuma yetu wangesimama. Kama ningesema "anaumia", ingekuwa mimi niliyesema "anaumia", mbele ya watu wote wale, na kibali kimekwisha.

Nikamgeukia Mapande, nikamuuliza kama mtu ambaye hakusikia:

"Kinasemaje?"

"Kinasema kimefurahi!" Mapande akanijibu kwa kelele, machozi ya furaha yakimtiririka. "Kinyanyue juu zaidi!"

Nikakinyanyua.